Banda la santuri Makoroboi: fundi anayejua mwendo

Nilifika kwenye banda hili kwa sababu ya mashine mbovu. Santuri zilikuja baadaye. Mdogo wangu, aliyeishi Marekani miaka 19, alirudi nyumbani na mashine ya kuchezea santuri, nzito, ya mbao na chuma, pamoja na transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230 uwe 120. Akanikabidhi akisema, "Dada, hii ni yako, wewe ndiye mwenye masikio." Nikaiweka sebuleni kwangu Isamilo, hapa Mwanza, nikapachika santuri ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, niliyoitunza tangu nikiwa chuo cha ualimu, nikateremsha sindano. Kilichotoka sikukitambua. Tarumbeta lilijikokota, saksafoni ya John Coltrane ilinguruma chini kabisa, na Paul Chambers kwenye besi kubwa ya kusimama alisikika kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

Nilizunguka na mashine ile kwa mafundi wawili wa redio mjini. Wa kwanza alibadilisha mkanda. Wa pili aliifungua, akaifunga, akaniambia imechoka. Wote niliwalipa, mwendo ukabaki ule ule. Ninayetaka kumwandika hapa ni wa tatu, nami naandika kwa sababu najua wapo wenzangu mjini hapa, na Musoma, na Bukoba, walioziweka mashine zao juu ya kabati wakiamini zimekufa.

Huyu hakuifungua. Aliichomeka, akawasha taa ya tyubu ya kizamani iliyo juu ya meza yake, akaweka kwenye sahani ya mashine kikaratasi cha duara kilichojaa vistari vyeusi. Sahani ikazunguka, vistari vikawa vinarudi nyuma kwa kasi badala ya kuonekana vimesimama. Akanitazama. "Mwalimu, hii haina ugonjwa. Imezaliwa kwenye umeme wa sitini, na sisi tuko hamsini."

Akanieleza taratibu, na mimi nawaeleza kama alivyonieleza. Umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Transfoma inashusha volti tu, haigusi mapigo hayo. Mota ya mashine kama hii inafuata mapigo, haifuati volti. Kwa hiyo santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwangu ilikuwa inazunguka chini ya mara 28. Muziki unachelewa, na sauti zote zinashuka karibu nusu toni tatu. Ndiyo maana Coltrane alinguruma.

Dawa yake ilikuwa kipande cha shaba cha ukubwa wa kizibo cha soda. Alipima roda ya mota, ile inayovuta mkanda, akaagiza ikerezwe nyingine kwa wenye mashine za kukereza vyuma, kubwa kuliko ya awali kwa sehemu moja ya tano. Siku tatu, shilingi 35,000. Nilipoifuata, akaweka tena kikaratasi chini ya tyubu. Vistari vikasimama tuli, huku sahani inazunguka. Nimefundisha miaka 34 na sikumbuki somo lililonikaa vile kwa mara moja.

Banda lenyewe liko kwenye vichochoro vya upande wa Makoroboi. Halina kibao. Ukiuliza "fundi wa gramafoni" utaoneshwa. Ni la mbao na bati, ila ndani ya bati amepigilia maboksi yaliyokunjuliwa, safu mbili, ili joto lisishuke kwenye santuri. Anayeijua Mwanza anajua miamba yetu inavyokunywa jua mchana na kulitema usiku. Santuri iliyoegemezwa ukutani kwenye nyumba ya mlimani huweza kupinda ndani ya mwezi mmoja. Zake zinasimama wima kwenye makasha ya mbao aliyoyagonga mwenyewe, zimebanwa kiasi, hakuna iliyolala juu ya nyenzake. Dirisha ana wavu, na msimu wa wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, anafunga dirisha kabisa na anakataa kufungua santuri yoyote. Mdudu mmoja akisagwa na sindano kwenye mfereji wa santuri, anasema, utamsikia mpaka siku unakufa.

Nyingi zimetoka kwenye nyumba za watu: familia zilizohama, wazee waliofariki, nyumba za mapadri, vitu vya klabu za zamani. Za dansi, zile ndogo za nyimbo mbili, ni kati ya shilingi 8,000 na 15,000. Kubwa zinaanzia 30,000. Kuosha ni 2,000 kwa santuri, kwa maji ya betri yasiyo na asidi, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, na anaosha mbele yako akifuata duara la mfereji, hakatishi. Ukinunua, unaisikiliza yote kwanza, pande zote mbili. Si kionjo cha dakika moja. Ananyoosha kiti, anakwambia "kaa, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, na ikiwa kuna mkwaruzo anakuonesha kabla sindano haijaufikia. Hii ndiyo sababu kubwa ya kumsifu. Nimeshanunua santuri kwa wauzaji wengine waliozifuta kwa mafuta ya nazi zing'ae.

Kuna kasha lililoandikwa JAZZ kwa chaki. Ukitarajia Wamarekani peke yao utashangaa, maana ndani yake wamo Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na OK Jazz ya Franco, wamekaa bega kwa bega na Art Blakey na Dave Brubeck. Jumamosi moja nilimwambia fundi awatenganishe. Mzee mmoja aliyefanya kazi melini, ambaye Jumamosi hakosi kwenye benchi lile, akanijia juu. "Mwalimu, nani aliyekwambia hawa si jazz? Jina wamelibeba wenyewe." Tukabishana mpaka chai ikapoa. Hoja yangu ilikuwa kwamba jazz ya kina Blakey inaishi kwa kubuni papo hapo: wimbo unatajwa mara moja, halafu kila mpigaji anaufungua kwa namna yake, na usiku wa kesho ataufungua vingine. Dansi letu lina mpangilio wake, gita la pili linashika njia, sebene linakuja mahali pake. Hoja yake ilikuwa kwamba Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, wakati matarumbeta na saksafoni ndiyo yaliyokuwa muziki wa mjini dunia nzima, na kwamba Louis Armstrong alipokwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960 walimpokea kama ndugu yao aliyepotea. Mpaka leo hatujakubaliana, lakini siku hizi siombi tena kasha litenganishwe. Nimenunua humo vitu ambavyo nisingevigusa kama vingekuwa vimepangwa vizuri.

Sasa nirudi kwenye ile Miles Davis, kwa maana nilirudi bandani kulaumu. Ni "Kind of Blue," iliyorekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, kwenye studio iliyokuwa zamani kanisa. Mimi ni mwalimu wa kwaya pia, na jioni moja niliweka santuri ile huku nimekaa kwenye kinanda. Wimbo wa kwanza, "So What," unasimama kwenye noti ya D. Nikabonyeza D. Haikukaa. Santuri ilikuwa juu kidogo, si nusu toni, kidogo tu, lakini sikio likishaijua hiyo tofauti haliwezi kuisahau. Nikageuza upande wa pili, nikabonyeza: ikakaa sawasawa.

Kesho yake nikambebea fundi mashine na santuri. Aliweka kikaratasi chake, vistari vikasimama. Akacheza upande wa kwanza, akasimamisha, akacheza wa pili. Kisha akasema neno ambalo nililipenda kwa jinsi lilivyokuwa na akili: "Mashine haiwezi kukosea upande mmoja ikapatia upande wa pili." Akavuta droo, akatoa sidii ya kazi hiyo hiyo, toleo la miaka ya 1990, akaicheza. Nyimbo za upande wa kwanza zikashuka na kukaa kwenye D yangu.

Kumbe kosa lilikuwa la studio. Siku ile ya Machi, mashine ya utepe iliyotumika ilikuwa inakwenda polepole kidogo. Utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa mwendo wa kawaida unakimbia. Nyimbo tatu za siku hiyo ndizo zilizojaza upande wa kwanza. Mbili za Aprili zilijaza wa pili, na ziko salama. Santuri zikatengenezwa hivyo, watu wakazinunua hivyo, na wanafunzi wa muziki wakapiga pamoja nazo wakidhani vinanda vyao ndivyo vibovu, hadi mwaka 1992 toleo lililosahihishwa lilipotoka kwa kutumia utepe wa akiba. Nilikaa kwenye kiti kile nikiwaza jinsi nilivyoipenda santuri hiyo miaka yote ikiwa na haraka ambayo Miles hakuitia. Fundi hakunitoza kitu. Alinifungia tu karatasi safi, akaandika kwa penseli kwenye pembe ya jalada: upande 1 unakimbia.

Lakini santuri iliyonifanya niandike ni nyingine. Ilitoka kwenye kasha la nyumba moja ya Isamilo iliyokuwa inahamwa, jalada limeingia maji, pembe zimelika, lebo ya kampuni ya Roulette bado inasomeka. Fundi alinipigia simu. "Mwalimu, njoo. Hii ina Kiswahili." Nilidhani amechanganya.

Ni "Uhuru Afrika" ya Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki 2018. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na mwaka mzima na zaidi kabla ya bendera yetu kupandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Weston alitaka kazi hiyo iwe na lugha ya Kiafrika ndani yake, na lugha aliyoichagua ni hii yetu. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno ya uhuru, na anayeyasema kwa Kiswahili mwanzoni ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, ambaye sisi wa rika langu tulikuja kumjua baadaye kama mbunge wa Makete.

Sindano ilipoingia, mlio wa mkwaruzo ukapita, halafu ngoma, halafu sauti ya mwanamume anayesema Kiswahili. Kiswahili cha kusimama wima, kila silabi imepewa haki yake, kama tulivyofundishwa kukisema mbele ya wageni. Mzee wa meli aliacha kikombe. Hakuna aliyesema kitu mpaka upande ukaisha, na hapo yeye ndiye aliyesema, "Rudisha mwanzo." Fundi akarudisha. Tukasikiliza mara tatu. Mvua ilikuwa inagonga bati na hatukujali.

Muziki unaofuata haupungui hadhi mbele ya maneno hayo. Mpangaji wake ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, ambaye alichukua mawazo ya Weston ya piano akayagawa kwa kikosi kikubwa cha matarumbeta, tromboni, saksafoni na filimbi, bila kuzima ngoma. Na ngoma ndizo mwenye nyumba humu: Olatunji wa Nigeria, Candido wa Kuba, Max Roach, wote chumba kimoja. Freddie Hubbard yupo, ana miaka 22. Clark Terry yupo, Yusef Lateef yupo, Ron Carter kwenye besi. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza." Ya pili, "African Lady," inaimbwa na Martha Flowers kwa sauti ya mafunzo ya opera, ndiyo niliyochelewa kuipenda, kwani nilitaka koo la kwetu, mpaka niliposikiliza saksafoni zinavyomjibu kwa upole na nikaelewa kwamba wameiandika kama kumnyenyekea mama. Ya tatu "Bantu." Ya mwisho "Kucheza Blues," na mimi kama mwalimu wa lugha napenda kwamba hawakuikata ile ku- ya kitenzi. Waliuliza, wakajibiwa, wakaandika sawasawa.

Serikali ya makaburu ilipiga marufuku santuri hii mwaka 1964. Ukiisikiliza utaelewa ni kwa nini waliiogopa, hata sehemu ambazo hazina neno hata moja.

Nilimlipa 70,000. Upande wa pili una mkwaruzo unaogonga mara nane kabla ya kupita, aliuonesha kwa kidole kabla. Sijutii hata senti.

Baada ya hapo nilianza kuvitafuta Viswahili vingine kwenye kasha lile, na fundi ananiwekea. Nilipata "Mwandishi" ya Herbie Hancock, ya mwaka 1971, ambapo kila mpigaji wa bendi yake ana jina la Kiswahili. Hancock ni Mwandishi. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na kweli alikuwa daktari aliyesomea udaktari. Bennie Maupin ni Mwile. Billy Hart wa ngoma ni Jabali, na hilo kwa mtu anayeamka kila siku akitazama majabali ya Mwanza lina maana kamili: msikilize anavyokaa chini ya wote bila kutikisika, hata pale mapigo ya "Ostinato" yanapokataa kuhesabika kwa nne. Julian Priester ni Pepo Mtoto. Jina hili limekaa kwa namna ambayo sisi tusingeliweka, na wanafunzi wangu ningewasahihisha, lakini hawa watu walikuwa wanatafuta kitu walichonyang'anywa mababu zao, na walikuja kukitafuta kwenye lugha yangu. Kwa hilo kalamu nyekundu naiweka chini. Muziki wenyewe ni mgumu kwa anayeanza. Piano ya umeme, mwangwi mwingi, vipande virefu. Anza na Blakey, "Moanin'" ya 1958, kisha ndipo uje hapa.

Kasoro za banda zipo, na ninaziandika kwa kuwa nataka lidumu. Hatoi risiti. Hana orodha, kila kitu kiko kichwani mwake, na siku akiugua nani atajua ipo wapi ile ya McCoy Tyner? Majalada na santuri vinachanganyika: niliwahi kufika nyumbani na jalada la Brubeck lenye kwaya ya kanisa ndani, ikabidi nishuke tena mlimani. Alibadilisha bila ubishi, lakini kiinua mgongo cha mwalimu hakina nauli ya kurudi mara mbili. Bei za sindano ni za juu, 45,000 kwa ile ya kawaida, na anazo aina mbili tu. Mwenye mashine ya aina nyingine atasubiri wiki kadhaa iletwe kutoka Dar es Salaam. Na saa za kufungua hazitabiriki. Ameandika saa tatu asubuhi, mara nyingi ni saa nne na nusu.

Nendeni Jumamosi, kabla jua halijawa kali. Mkifika salimieni "mwangaluka" kwanza, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kwani mzee wa meli yupo na analiangalia hilo. Bebeni kadibodi mbili ngumu na kamba, muibane santuri katikati, na msiifunge nyuma ya bodaboda kwenye jua la saa saba. Shukeni hadi stendi mpande daladala, muipakate. Mwenye mashine kutoka Marekani aje nayo bila transfoma, fundi anayo ya kupimia.

Na kuna santuri moja ya Clark Terry ya mwaka 1955, yenye wimbo wa Quincy Jones unaoitwa "Swahili," nyuma kabisa ya kasha, imefungwa gazeti. Hiyo nimeitangulizia 20,000. Tafadhali iacheni mpaka mwisho wa mwezi.